Mpiga Enanga na Riziki Yake

Wengi wetu tunaokaa katika wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, tumepata kumwona mpiga muziki wa kienyeji akiwa kazini: arusini, sokoni siku ya gulio, au katika mkutano wa hadhara kabla mgeni rasmi hajafika. Twamsikiliza, twamtuza shilingi elfu moja, twacheka, halafu twarudi nyumbani kulala. Wachache hujiuliza ametoka wapi, atalala wapi yeye, na Jumatatu atakula nini. Nataka kuieleza kazi hiyo kama ilivyo, kwa sababu wako wenzetu shuleni hapa wasemao ya kwamba watakuwa wanamuziki, na wako wazazi wasemao ya kwamba muziki si kazi. Pande zote mbili zafaa kuijua hesabu yake kabla ya kuendelea kubishana.

Wanamuziki ni wa namna nyingi, lakini nitasema hasa juu ya mpiga enanga, maana yeye ndiye mkongwe wa kazi hii katika nchi yetu. Enanga ni ubao mmoja uliochongwa ndani ukawa na uvungu, mfano wa hori dogo. Katika ncha zake mbili huchongwa meno, na uzi mmoja mrefu hupitishwa katika meno hayo kwenda na kurudi, mara saba au nane. Zamani uzi ulikuwa wa mishipa ya ng'ombe. Siku hizi nailoni imechukua nafasi yake. Kwa kuwa uzi ni mmoja, ukikatika mahali pamoja nyuzi zote hulegea, na mpigaji aliyekuja bila uzi wa akiba hana kazi tena usiku ule. Ndugu zetu wa Rwanda na Burundi wanayo ala kama hiyo, nao huiita inanga. Lakini mtu akienda Buganda akaulizia ennanga ataonyeshwa kitu kingine kabisa, kinubi chenye shingo iliyopinda kama upinde. Jina ni moja, ala ni mbili.

Habari za enanga ya Karagwe ziliandikwa zamani. Mabwana Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, Bweranyange, mwezi wa Novemba 1861. Mwenzake alipoondoka kwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, Bwana Grant alibaki huku kwa sababu ya kidonda kibaya cha mguu, akakaa mpaka mwezi wa Aprili. Mtu mgonjwa asiyeweza kutembea hupata nafasi ya kusikiliza. Katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1864 aliisifu ala hii, akaeleza ya kwamba alimsikia mwanamke mzee akiipiga, na nyuzi sita katika saba zililingana vema na ngazi ya sauti aliyoizoea yeye. Wa saba tu ndio alioona una kosa. Mimi naona kosa hilo huenda lilikuwa la sikio la mgeni, kwa maana enanga hailinganishwi na piano. Lakini jambo la kukumbuka ni kwamba mpigaji yule alikuwa mwanamke. Wale wanaowaambia wasichana ya kwamba enanga ni kazi ya wanaume tu, wasome Grant. Na wakitaka ushahidi wa siku hizi, pale Rwanda yuko Sophie Nzayisenga, mpiga inanga aliyefundishwa na baba yake, na jina lake limefika nchi nyingi.

Katika siku zile za Rumanyika, mpigaji hodari hakuuliza malipo. Ikulu ilikuwa na ngoma zake na pembe zake, na mwezi mwandamo ulikuwa na shangwe yake. Ilikuwa desturi katika falme hizi za Maziwa Makuu kwamba mtu wa muziki alilishwa na mtawala: alipata chakula na pombe, na akipendwa sana, ng'ombe au kiwanja cha kulima. Naye kwa upande wake ilimpasa kujua habari za nasaba ya mtawala, vita vyake na sifa zake, na kujua pia yale yasiyofaa kusemwa. Hakuwa mtu huru, ila hakulala njaa.

Mambo hayo yalikwisha. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika iliondoa utawala wa machifu, na pamoja nao likaondoka lile zizi la ng'ombe lililomngojea mwimbaji. Jirani zetu wa Buganda walipatwa na jambo lilo hilo kwa ghafula zaidi, ikulu ya Kabaka iliposhambuliwa mwezi wa Mei 1966 na wapiga muziki wake wakatawanyika. Tangu hapo mpiga enanga amekuwa kama fundi mwingine yeyote: hutafuta mteja. Sikitiko kwa ajili ya machifu silo ninalolitaka hapa. Nataka msomaji aone ya kwamba kazi iliyojengwa kwa kulishwa na mtu mmoja maisha yote ililazimika kujifunza kulishwa na watu mia, kila mmoja kidogo, kwa usiku mmoja tu.

Je, mteja hununua nini? Watu wengi hudhani ya kwamba hununua sauti ya nyuzi. Kama ingekuwa hivyo, spika kubwa za dijei zingekwisha kumfukuza mpigaji zamani, maana zina kelele kuliko enanga mia. Kinachonunuliwa ni elimu.

Elimu hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza ni tendi, yaani hadithi ndefu za mashujaa na wafalme, ambazo mpigaji huziimba huku vidole vyake vikizifuata. Wanafunzi wanaosoma fasihi wanamjua Profesa M. M. Mulokozi kwa tamthilia yake Mukwava wa Uhehe na kwa hadithi ya Ngome ya Mianzi. Labda hawajui ya kwamba yeye, mtoto wa mkoa wetu, alitumia miaka mingi kuwafuata wapiga enanga wa Uhaya, kuwarekodi na kuziandika tendi zao, na ya kwamba utafiti wake wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulihusu jambo hilo hilo. Mwaka 1997 aliandika makala juu ya maisha ya Mzee Habibu Selemani, aliyezaliwa yapata mwaka 1929 na kufariki 1993, akamwita wa mwisho katika watendi. Mmarekani Peter Seitel naye alirekodi fasihi simulizi ya Wahaya, akatoa kitabu mwaka 1999. Neno "wa mwisho" ni zito. Wapiga enanga bado wapo, na vijana wengine huigusa. Lakini mtu awezaye kukaa akaimba utendi mzima, bila kitabu, bila kusahau majina, huyo ni adimu kweli kweli, kwa sababu hapana tena kikao kinachompa nafasi hiyo. Mshereheshaji wa arusi humpa dakika kumi.

Basi katika dakika kumi hizo hutumia sehemu ya pili ya elimu yake, nayo ni kuwajua watu. Kwetu kila mtu ana ukoo, na ukoo una mwiko wake, yaani mnyama au kitu ambacho hawakili wala hawakidhuru, na una majina yake ya kujisifia. Wazee huinuka katika karamu wakatoa ebyebugo, majigambo ya kujitaja wenyewe na wazazi wao mbele ya watu. Mpigaji anapoimba arusini hutaja ukoo wa bwana arusi, kisha ukoo wa bibi arusi, babu zao na vilima walikotoka. Anayesikia babu yake akitajwa hawezi kukaa kitini. Huinuka, huja mbele, hutoa fedha mfukoni. Hapo ndipo penye mshahara wa mpigaji, maana mara nyingi tuzo huzidi malipo ya mapatano.

Kwa hiyo kazi ya arusi ya Jumamosi huanza mapema katika juma. Mpigaji mwangalifu hupiga simu, huuliza: Bibi arusi ni wa ukoo gani? Mama yake je? Babu yupo hai? Kuna ugomvi kati ya baba mkubwa na baba mdogo? Akikosea ukoo, aibu ni kubwa, na hataitwa tena katika kijiji kile. Akimsifu mjomba mmoja akamwacha mwingine, ametengeneza kesi. Zaidi ya hayo, siku hizi bwana arusi aweza kuwa mtu wa Mwanza au wa Arusha, na nusu ya wageni hawajui Kinyambo hata salamu. Hapo huimba sifa kwa Kinyambo, kisha huzirudia kwa Kiswahili papo hapo, na vina visipotee. Mtu ambaye hajajaribu jambo hilo aseme polepole kwamba muziki si kazi.

Sasa tuje kwenye majira. Kalenda ya mwanamuziki wa huku hufuata vitu viwili, kahawa na kanisa. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, na fedha zake zinapoanza kuingia mikononi mwa wakulima ndipo arusi zinapoongezeka. Desemba nayo huwa na kazi, kwa kuwa wana wa nyumbani walio mijini hurudi kwa Noeli wakiwa na nia ya kuoa au kuozesha. Lakini katika Kwaresima mambo hupoa kabisa. Wakristo ni wengi katika wilaya hizi, Wakatoliki wa Jimbo la Kayanga na Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe, na si desturi kufanya karamu za arusi wakati wa mfungo. Tena miezi hiyo huangukia pamoja na mvua za masika, na njia za vijijini huwa tope. Kwa hiyo mwaka wa mpigaji una miezi minono michache na miezi mingi mikavu. Ndiyo sababu huwezi kumtofautisha na jirani zake ukimkuta nyumbani: ana migomba, ana mibuni, ana maharage. Shamba humlisha, enanga hununua sabuni na madaftari. Wengine hutaka kumdharau kwa hilo, wakisema si mwanamuziki kamili. Mimi naona ni busara, maana mwenye migomba hulala akiwa ameshiba hata Machi.

Wanafunzi wa hesabu wanisaidie hapa. Nachukua mfano wa kubuni, si takwimu, ila kila mzazi aliyewahi kuandaa arusi aweza kuutazama aone kama uko mbali na kweli. Tuseme kikundi cha watu wanne, mpiga enanga, wapiga ngoma wawili na mwitikiaji mmoja, wanatoka Kayanga kwenda kupiga Kaisho, kwa mapatano ya shilingi 250,000. Pikipiki mbili za kwenda na kurudi, 60,000. Kukodi kipaza sauti na spika, 50,000, kwa kuwa bila hivyo enanga haisikiki katika hema la watu mia tatu. Uzi, vocha ya simu na chai ya njiani, 10,000. Zabaki 130,000, na kila mtu hupata 32,500. Sasa hesabu siku: moja ya mazoezi na kuulizia koo, moja ya safari na kupiga mpaka usiku wa manane, moja ya kurudi na kulala. Ni siku tatu, yaani kama shilingi 10,800 kwa siku. Wakipata arusi 20 kwa mwaka, ambazo ni nyingi, kila mmoja ana shilingi 650,000 kwa mwaka mzima, mbali na tuzo. Na hapo nimefanya kana kwamba kila mteja hulipa. Wako wanaotoa kianzio wakati wa mapatano, na salio wakaliahidi "baada ya kuhesabu michango". Michango huhesabiwa, salio halionekani. Mpigaji mwenye akili hudai salio kabla ya keki kukatwa, kwa kuwa baada ya keki mwenye arusi haonekani.

Safari zenyewe zina habari zake. Tangu Kyerwa ilipotengwa na Karagwe ikawa wilaya peke yake mwaka 2012, ofisi zimekuwa mbili, lakini kwa mwanamuziki uwanja ni ule ule mmoja: Kayanga, Omurushaka, Nyaishozi, Nkwenda, Isingiro, Kaisho, Murongo. Lami ya kutoka Kyaka mpaka Bugene imewafungulia njia ya kwenda Bukoba na Missenyi. Na mtu akifika Murongo huiona Uganda ng'ambo ya mto Kagera. Kinyambo na Kinyankole ni lugha ndugu, hata mwimbaji wetu akivuka mpaka Kikagati husikika bila mkalimani. Hiyo ni bahati kubwa ambayo mwimbaji wa Dodoma hana. Ila yampasa awe na hati ya safari, na shilingi aliyotuzwa huko si shilingi yetu. Wabadilishaji fedha wa mpakani nao hula sehemu yao.

Labda msomaji atauliza: Mbona wako waliotoka mkoani mwetu wakavuma? Wako. Wa karibu kukumbukwa ni Saida Karoli, mwanamke wa Kagera, mwimbaji na mpiga ngoma. Mwaka 2001 wimbo wake Maria Salome, ambao wengi huuita Chambua kama Karanga, ulipigwa nchi nzima, hata na watu wasiojua neno moja la Kihaya, na ukavuka mipaka. Jambo hilo lilivunja dhana ya kwamba wimbo wa lugha ya nyumbani hauwezi kutembea. Miaka 15 baadaye, mwaka 2016, Diamond Platnumz pamoja na Rayvanny walitoa wimbo Salome uliojengwa juu ya ule wa Saida, na watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 2001 wakauimba. Mwaka 2017 Saida mwenyewe akatoa wimbo Orugambo. Kuvuma huko ni kweli, lakini kusitupumbaze. Wimbo mmoja ulivuma. Wapigaji waliobaki vijijini ni wengi. Tena katika zama za kaseti mtu aliweza kusikika kila kibanda cha chai na asipate hata senti kwa nakala zilizonakiliwa nyumbani mwa watu. Leo kaseti imekufa, simu imechukua kazi yake. Mgeni wa arusi hurekodi, hutuma, na kabla mpigaji hajafika kwake wimbo umekwisha kufika Dar es Salaam.

Katika jambo hili yafaa kuijua sheria. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ofisi inayoisimamia ni COSOTA. Aliyetunga wimbo mpya ana haki juu yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Utendi wa zamani hauna mtunzi mmoja, ni mali ya jamii, na sheria hiyo inazo sehemu zinazolinda sanaa za jadi. Lakini namna mtu mmoja alivyouimba utendi ule siku fulani ni kazi yake yeye, na kuirekodi kwa biashara bila ruhusa yake ni kosa. Hilo ndilo neno hakishiriki linalotaka kusema. Kadhalika, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, huwataka wasanii wajiandikishe. Wapigaji wengi wa vijijini hawapendi karatasi hizi, na siwalaumu sana, kwa kuwa ofisi ni mbali na ada ni fedha. Ila asiyejiandikisha wala kuandika mapatano hana cha kuonyesha siku atakaposikia sauti yake katika tangazo la biashara la mtu mwingine. Hapa mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kuandika barua ya mkataba ya nusu ukurasa, yenye jina, tarehe, kiasi na sahihi mbili, aweza kumsaidia mjomba wake kuliko redio tano.

Kuhusu redio, hizo ni rafiki wa mwanamuziki, kwa kuwa humjulisha kwa watu. Redio ya jamii ya FADECO pale Karagwe husikika katika nyumba nyingi, na mtu akipigwa redioni leo, kesho simu yake huita. Lakini kujulikana si kula. Redio hupanda mbegu, arusi ndiyo mavuno.

Na kujifunza je? Muziki ni somo linalotahiniwa katika shule za sekondari, ingawa shule zinazolifundisha ni chache. Bagamoyo kuna taasisi ya sanaa, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, lakini ni mwisho wa nchi upande wa pili, na huko hakuna wa kukufundisha koo za Bugene. Elimu ya koo hupatikana kwa kukaa karibu na mzee, kumbebea enanga yake, kumwitikia wimbo, na kukosolewa mbele za watu. Yataka miaka. Kijana mwenye haraka hununua kinanda cha umeme, na baada ya miezi sita yuko jukwaani. Simkatazi. Hata hivyo atakapoulizwa mwiko wa ukoo wa bibi arusi, kinanda hakitamjibu.

Aliye na babu au bibi anayepiga enanga, naye ana simu ya kurekodi, basi likizo hii aandike pamoja na sauti ile mambo haya: tarehe, mahali, jina la mpigaji, ruhusa yake, jina la wimbo, koo zinazotajwa na maana ya kila neno gumu. Sauti bila maelezo hayo, baada ya miaka kumi, hata wajukuu wa mpigaji hawataelewa ni nani aliyekuwa akisifiwa.